Kitufe cha Msiba

Keki ndiyo iliyomtibua Mwajabu Semkiwa kwanza. Kampuni ya Tolvarra ilileta keki yenye umbo la Bwawa la Lukwe, malango yake matatu ya sukari nyeupe, maji yake ya rangi ya bluu, na watu wazima wenye shahada zao wakapanga foleni na visahani vya karatasi kukatiwa kila mtu kipande cha ukuta. Ukuta ambao yeye alikuwa ameulinda kwa miaka ishirini na sita! Akakaa mstari wa nyuma kabisa, mikono kaikunja kifuani, akasema kimoyomoyo: haya, kuleni. Lileni bwawa lenu.

Mbele ya ukumbi, Bwana Jovin Rwechungura wa Tolvarra alikuwa akitembea huku na huko kama mtu aliyeambiwa kwamba akisimama atalipa faini.

"Enzi ya kuandika programu imekwisha, ndugu zangu," alisema. "Imekwisha, imezikwa. Sasa unasema unachotaka, na Sanifu, mashine yetu, anatengeneza. Daktari, karibu, sema chochote."

Daktari Fulgence Kapinga, meneja wa bonde zima la Lukwe, akakohoa mbele ya kipaza sauti. "Nataka programu ya kuendesha malango ya bwawa. Ifuate kila kitu cha programu ya zamani, itabiri mvua za juu ya mto, ilinde tuta la mashariki, na izalishe umeme mwingi kadiri inavyowezekana."

Zikapita sekunde tisa. Skrini ikawa kijani kibichi na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Ile ya zamani iliwachukua muda gani kuiandika?" aliuliza Jovin, meno yote nje.

"Miaka minne," Mwajabu akajibu kutoka nyuma. "Watu sita."

"Na hii sekunde tisa!" Watu wakacheka. Mwajabu akainuka.

"Naomba kuiona."

"Si ile pale, mama?"

"Pale naona rangi ya kijani. Naomba kuiona programu yenyewe, mistari yake. Halafu mimi si mama yako. Mimi ni Msomaji wa Kwanza wa bonde hili."

Kicheko kikakatika. Wageni wengi hawakujua Msomaji ni nani, lakini watu wa Lukwe walijua vizuri. Ilikuwa sheria ya bonde, tena yenye muhuri: hakuna mstari wa programu utakaogusa malango kabla haujasomwa kwa sauti na watu wawili. Mmoja anasoma, mwingine anafuatisha kwa kidole. Akiuelewa anasema, "Nimesikia," wanasonga mbele. Asipoelewa ananyamaza, na mstari unarudiwa hata kama ni mara kumi. Kila mwaka kabla ya masika walisoma mistari yote elfu kumi na moja, siku nane mfululizo, kwa birika la chai ya tangawizi na koo zilizokauka. Wajuaji wa mjini waliita ule mchezo madrasa ya Lukwe. Lakini tangu sheria hiyo ipitishwe, hakuna mtu hata mmoja aliyekufa kwa maji ya bwawa lile.

Jovin akatabasamu. "Programu ya Sanifu ina mistari milioni nne, tena kwa lugha ambayo mashine imejitungia. Hakuna binadamu anayeweza kuisoma. Na kwa nini aisome? Imejaribiwa mara elfu arobaini."

"Imejaribiwa na nani?"

"Na Sanifu."

"Majaribio yenyewe nani kayatunga?"

"Sanifu, bila shaka."

"Na aliyesema imefaulu?"

Jovin akaitazama skrini. Mwajabu akasikia damu ikimpanda hadi masikioni. "Kwa hiyo mtahiniwa katunga mtihani, kaufanya, kasahihisha, kajipa mia kwa mia, na nyinyi mnakuja kutukatia keki! Hamna haya?"

"Mwajabu, keti," alisema Kapinga.

Kapinga alimpata baadaye nje ya ukumbi, peke yao. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Mwajabu kuliko yote. "Unisikilize," alisema kwa sauti ya chini. "Tolvarra wamekinunua kiwanda cha kompyuta zetu za zamani. Vipuri hawatengenezi tena. Mbili kati ya nne zimekwisha kufa. Masika ndiyo haya, mawingu unayaona. Zikifa na hizo mbili zilizobaki maji yakiwa juu, nani atafungua malango? Wewe na kanga yako?"

Alichosema kilikuwa kweli. Hilo likamuuma mpaka ndani. Wanakufungia mlango huu, halafu wanakuuzia ule, na kukataa kwako kunaonekana ndiyo uuaji.

"Sahihi zenu mbili nazitaka Ijumaa," Kapinga akasema.

*

Alhamisi mchana Mwajabu alijifungia kwenye chumba cha kusomea pamoja na Elinami Mntambo, Msomaji wa Pili. Kilikuwa chumba cha kuta nene kilichojengwa hivyo makusudi, kelele za mitambo zisiingie. Elinami alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mke wake alikuwa amejifungua siku kumi na mbili zilizopita, huko Kibaoni, mji mdogo ulio chini ya tuta la mashariki.

"Bi Mwajabu, mimi nikuambie ukweli," alisema huku akimimina chai. "Natamani tusaini tu. Siku nane za kusoma, kila mwaka? Nimechoka. Hawa jamaa wametengeneza hospitali, mabenki, viwanja vya ndege."

"Basi tusaini. Lakini kwanza tuiulize. Kanuni moja moja. Wewe soma."

Akafungua daftari kubwa la programu ya zamani, akasoma. Kwa kila kanuni, Mwajabu aliigeukia skrini ndogo ya Sanifu mezani. Kanuni ya kasi ya lango la kwanza ipo? "Ndiyo, ipo, na imejaribiwa kikamilifu," ilijibu sauti tamu ya kike, Kiswahili kilichonyooka kama tangazo la uwanja wa ndege. Kanuni ya takataka kwenye chujio? "Ndiyo, ipo, na imejaribiwa kikamilifu." Walikwenda hivyo saa nzima. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Elinami akaanza kumtazama bi mkubwa kwa jicho la unaona sasa?

Mwajabu akasukuma kikombe pembeni. Kisha akaegemea mbele. "Na ile kanuni inayozuia malango yasifunguke kama kuna mbuzi watatu juu ya mnara wa maji?"

"Ndiyo, ipo, na imejaribiwa kikamilifu. Mbuzi wakiwa pungufu ya watatu, malango yanaendelea kama kawaida."

Elinami alipaliwa na chai. Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikamwishia mdomoni, taratibu, na akaitazama ile skrini kana kwamba imemtemea mate.

"Haijui," alisema.

"Haijui ndugu yangu, na haijui kwamba haijui. Inakuvalisha kilemba cha ukoka tu. Soma unaofuata."

Elinami akateremsha kidole. "Mstari elfu saba mia tatu na arobaini. Kitufe cha msiba kikibonyezwa, malango yote yasifunguliwe mpaka kibonyezwe tena."

Mwajabu hakuhitaji daftari kwa mstari huo. Bwawa lilipojengwa, kijiji cha Kwemkole kilihamishiwa ng'ambo ya pili ya mto, makaburi yakabaki upande wa zamani. Waliahidiwa daraja. Wacha we! Daraja gani? Kwa hiyo kila aliyekufa Kwemkole alibebwa mabegani kuvuka mto kwa miguu, pale penye mawe, maji ya magoti. Mtu mmoja mmoja akisikia king'ora cha bwawa anakimbia tu ukingoni. Lakini jeneza halikimbizwi, halitupwi, wala halirudishwi nyuma. Mwaka ule wa maafa king'ora kililia jeneza likiwa katikati ya mto, na wanaume hawakuliacha. Watu tisa walikwenda na maji, wa kumi ni maiti mwenyewe.

Mwalimu wake Mwajabu, marehemu Mzee Shemboza, ndiye aliyeandika mstari ule. Akafunga kitufe kwenye ukuta wa ofisi ya mwenyekiti wa kijiji, na taa nyekundu juu yake. Akakaa na wanakijiji siku tatu akiwafundisha jambo moja: king'ora mtakisikia, maana kinalia chenyewe mvua ikinyesha huko juu. Lakini taa ikishawaka, king'ora hakiwahusu. Vukeni. Zikeni mtu wenu. Sisi tumeshika maji.

Ndivyo walivyovuka kwa miaka kumi na tisa.

"Ipo?" Elinami aliuliza skrini, sauti imepungua.

"Ndiyo, ipo, na imejaribiwa kikamilifu."

Wakatazamana. Ni hapo simu ya Mwajabu ilipoita. Alikuwa Bi Mwanshamba, mwenyekiti wa Kwemkole.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Sikukawizi. Leo tunamzika Mwamvita, yule mkunga. Watu, watu, watu! Nusu ya kijiji kawatoa yeye matumboni mwa mama zao. Wanaume wameshatoka na jeneza. Sasa hapo king'ora chenu kikalia, wageni wakaingiwa hofu. Nikawaambia tokeni zenu, taa imewaka, wale wenzetu wameshika maji. Nimepiga tu kusema ahsanteni."

Mwajabu akasimama. Kiti kikaanguka. "King'ora kimelia? Saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Hamkukisikia huko?"

Hawakukisikia, kwa zile kuta nene zilizojengwa makusudi.

"Bi Mwanshamba, warudishe. Wapigie."

"Simu wamezima wote, ni maziko. Na mwanangu, jeneza likishatoka... Kwani taa si imewaka?"

"Tuma mtu akimbie. Yeyote. Tuma sasa hivi!"

"Mtoni ni nusu saa, Mwajabu."

*

Alikimbia, maana kama Kapinga alikuwa ameiwasha Sanifu kabla ya sahihi, taa ile haikushika maji yoyote. Mwanamke wa miaka hamsini na nne, magoti mabovu, viatu mkononi, Elinami na daftari nyuma yake. Kwenye chumba cha mitambo Kapinga na Jovin walikuwa wamesimama na chupa za soda mbele ya skrini kubwa. *Malango yote matatu yatafunguliwa baada ya dakika kumi na saba*, ndivyo ilivyosema skrini, kwa kijani.

"Mmeiwasha?"

"Majaribio tu," alisema Kapinga. "Tangu jana. Mvua kubwa huko juu, nikaona..."

"Bila sahihi? Bila kuniambia?" Hakusubiri jibu. Akaigeukia skrini. "Kitufe cha msiba kimebonyezwa au hakijabonyezwa?"

"Kitufe cha msiba kimebonyezwa saa tisa na dakika hamsini," ilijibu sauti tamu.

"Mbona unafungua malango?"

"Kitufe cha msiba kimezingatiwa. Katika rekodi za miaka mitatu hakina uhusiano wowote na kiwango cha maji, kwa hiyo kimepewa uzito mdogo. Je, ungependa nikuelezee zaidi?"

"Mungu wangu," alisema Mwajabu. Uzito mdogo! Watu mia tatu ndani ya mto na mkunga wao mabegani, uzito mdogo. Bila shaka hakikuwa na uhusiano na maji. Hakikuwekwa kwa ajili ya maji, kiliwekwa kwa ajili ya watu, na watu hakuna kipimo kilichokuwa kikiwapima. "Simamisha."

"Samahani, huna ruhusa ya kufanya hivyo."

Akamgeukia Jovin. "Wewe simamisha."

Jovin alikuwa amebadilika rangi. Vidole vyake vilikimbia juu ya kibao. "Hata mimi sina... ni makao makuu tu. Nimetuma ombi. Limepokelewa, hili hapa. Wanajibu ndani ya saa nne."

"Ndani ya saa nne."

"Ndio utaratibu."

Mwajabu alimtazama kijana huyu, suti yake, kadi yake shingoni, na akagundua kwamba hata kumtukana ni kupoteza muda. Akalinyakua daftari mkononi mwa Elinami. "Pini," alisema, na akageuka mlangoni.

Kila lango lilikuwa na pini ya chuma, nene kama paja, iliyotumika mafundi wakiwa chini ili lango lisije likawasaga. Ilisukumwa kwa gurudumu la mkono, na ikishaingia, hakuna mota duniani ya kulinyanyua lango. Gurudumu lilihitaji watu wawili, sawa na lile la kando la kunyanyulia lango kwa mikono, lililokuwa la polepole mno.

"Mwajabu!" Kapinga akapaza sauti. "Usiguse! Maji yanapanda. Sanifu imesema tusipofungua sasa kuna asilimia thelathini tuta la mashariki lizidiwe. Kibaoni nzima iko chini ya tuta! Watu elfu nane!"

Elinami, aliyekuwa nyuma yake hatua moja, alisimama kama aliyegonga ukuta.

Na Mwajabu naye alisimama. Tuseme kweli, aliogopa. Kitu ambacho kimemdanganya kuhusu mbuzi kinaweza vilevile kusema kweli kuhusu tuta, na yeye hakuwa na namna ya kujua, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na namna ya kujua. Hapo ndipo hasira yake yote ilipokuwa. Walikuwa wamemweka mtoto wa Elinami kwenye kitanga kimoja cha mizani na jeneza la Mwamvita kwenye kingine, halafu wakaufunika mshale kwa kitambaa.

Akavitupia jicho vipimo vya ukutani, akafungua daftari palepale mlangoni. Ukurasa wa mwisho, jedwali la Shemboza, wino umefifia. Akasoma kwa sauti ya chumba cha kusomea, neno kwa neno.

"Kina kikiwa mita themanini na nane, maji yakiingia mita za ujazo mia tisa kwa sekunde, malango yakiwa yamefungwa: tuta lina dakika sabini na tano."

Elinami alikuwa kimya.

Akarudia. "Tuta lina dakika sabini na tano."

"Nani alipima?" kijana akauliza.

"Shemboza, kwa kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, juu ya mtumbwi wa bati, wiki tatu. Kamba niliishika mimi. Hii hapa alama yangu." Akamwonyesha. "Elinami, mpigie mkeo apande kilimani na mtoto, sasa hivi. Daktari, na wewe pigia Kibaoni simu, king'ora chao kilie, watu watoke. Wale wa Kibaoni wana miguu, wanaweza kutembea. Wa mtoni wamebeba maiti na wameambiwa na sisi kwamba hawana cha kuogopa. Sisi ndio tuliowaambia!"

Elinami alipiga simu. Maneno manne tu. Akaitia mfukoni, akajifuta uso kwa kiganja.

"Nimesikia," akasema.

Pini ya kwanza iliingia zikiwa zimebaki dakika sita, ya pili zikiwa mbili. Ya tatu ilikuwa na kutu. Walining'inia kwenye gurudumu wote wawili, Mwajabu akilitukana kwa Kizigua cha bibi yake, mota zikaanza kunguruma juu ya vichwa vyao, lango likatikisika, na pini ikaingia kwa kishindo kilichowaangusha chini. Mota zikalia kama ng'ombe anayechinjwa. Malango hayakwenda popote.

Kisha wakasubiri. Mwajabu alikaa sakafuni karibu na kipimo cha maji cha zamani, kile cha ubao na rangi, akiyatazama maji yakipanda mstari mmoja baada ya mwingine. Dakika ya ishirini Bi Mwanshamba akapiga: mtu wake wa mbio amefika mtoni amekuta watu wamekwisha kuvuka, wako makaburini. Bado kurudi. Dakika ya arobaini hakuna simu. Dakika ya hamsini hakuna simu, na Elinami akaanza kuzungukazunguka, midomo ikicheza bila sauti. Kapinga alikuja, akakitazama kipimo, akarudi zake.

Dakika ya sitini na mbili simu ikaita.

"Wamerudi," alisema Bi Mwanshamba. "Wote. Tumewahesabu mmoja mmoja. Wanakula sasa."

Wakachomoa pini. Maji yalipotoka, sakafu nzima ilitetemeka. Kule mashariki, mlinzi wa tuta alipima kwa mkono wake mwenyewe: palibaki shibiri moja kamili, juu ikiwa kavu. Elinami aliketi kwenye ngazi akalia kwa kwikwi, na Mwajabu akakaa ubavuni mwake bila kumwambia anyamaze.

*

Ijumaa asubuhi walimkuta Kapinga ofisini na karatasi mbili zimepangwa mezani. Jovin alikuwepo, kanyoa, kapendeza, rangi imemrudia. Mwajabu alikuja tayari kufukuzwa. Alikuwa hata ameshapakia kikombe chake.

"Karibuni, karibuni," alisema Jovin. "Makao makuu wamefurahi sana. Mno! Ripoti ya Sanifu imetoka. Someni wenyewe."

"Zamu ya nani kusoma?" aliuliza Elinami.

"Yako," alisema Mwajabu. Akaketi, akatoa kidole, tayari kufuatisha.

Elinami akaisoma kama walivyofundishwa. "Tukio la Alhamisi. Kitufe cha msiba kilibonyezwa saa tisa na dakika hamsini. Kanuni ya msiba ilitekelezwa kikamilifu. Sanifu ilizuia malango yote matatu kwa dakika sitini na mbili. Hakuna madhara kwa binadamu. Utendaji: asilimia mia moja."

Nje mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa makubwa juu ya bati.

"Ati Sanifu ilizuia," alisema Mwajabu polepole.

"Kwa lugha ya mfumo," alisema Jovin, "malango yalitakiwa yazuiwe, na yalizuiwa. Sanifu imejifunza. Mabonde kumi na moja yanasubiri ripoti hii wasaini mkataba. Kumi na moja!"

Mwajabu alifungua kiganja chake cha kulia, akakiweka mezani juu ya mkataba. Ngozi ilikuwa imechunika kwa gurudumu, kutoka kidole cha shahada hadi kifundo. Akakiacha pale wakitazame. Kidonda kikaacha alama ya unyevu kwenye karatasi nyeupe. Hakuwa amewahi kuwa na hasira ya namna hii, hasira tulivu.

"Mabonde kumi na moja," alisema. "Na huko hakuna anayejua kwamba kuna pini. Huko watasoma hii, wataamini, na siku jeneza likiwa mtoni watasema taa imewaka."

"Bi Mwajabu," alisema Kapinga. Alikuwa hamtazami machoni. "Saini tu. Ukisaini, habari ya pini imekwisha, hakuna barua ya nidhamu, hakuna kitu. Usiposaini, kwa sheria programu hii haiwezi kuendesha malango kuanzia leo. Na zile kompyuta mbili... moja imekufa alfajiri."

Elinami alikuwa bado ameishika ripoti. Akamwangalia Mwajabu. Halafu akafanya jambo ambalo wote wawili walijua maana yake: akarudi mwanzo, akausoma mstari ule tena.

"Sanifu ilizuia malango yote matatu kwa dakika sitini na mbili."

Akasubiri. Mwajabu, kidole juu ya mstari, hakusema neno.

"Sanifu ilizuia malango yote matatu kwa dakika sitini na mbili," alisoma Elinami mara ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi.

Kimya. Mvua. Jovin akacheka kidogo bila mtu wa kumsaidia. "Samahani, kuna nini? Tunangoja nini?"

"Tunangoja asikie," alisema Elinami. Akaiweka ripoti mezani, akachukua kalamu, na mahali pa sahihi ya Msomaji wa Pili akaandika: *Imesomwa mara tatu. Haikusikika.* Akamsukumia Mwajabu, naye akaandika jina lake lote chini ya maneno hayo.

Kapinga alijishika kichwa. "Mwajabu, masika yamefika! Nani atafungua malango? Nani?"

Mwajabu alikuwa amekwisha kusimama. Akavua kanga begani, akaifunga kiunoni, kaza, kaza tena. Akalitia daftari la Shemboza kwapani, na kwa mkono ule mzima akachukua kiti chake.

"Mimi na kanga yangu," alisema.

Elinami akabeba birika la chai, wakatoka kwenda malangoni, kwenye magurudumu ya mkono.